Watani wa Ukanda wa Pumzi

Vigingi vilianza kutembea asubuhi, jua likiwa bado changa. Cha kwanza kilitikisika, kikachomoa miguu yake mitatu kwenye tope, kikajikung'uta kama mbuzi aliyenyeshewa, kisha kikaanza kupanda mwinuko taratibu. Cha pili kikafuata, na cha tatu, hadi ukingo mzima wa Mto Mkuvi ukawa na msafara wa viumbe vya kijivu, vyenye kimo cha kiuno cha mtu mzima, vikihama bila kelele. Akina mama waliokuwa wakichuma mchicha walivipisha njia, wakaendelea na mazungumzo yao. Hakuna aliyeshangaa. Katika Jiji la Mkuvi watu walikuwa wameshazoea mpaka unaotembea.

Nakijwa Mbwambo alivitazama akiwa darajani, akajisikia fahari, na wala hakuificha. Vigingi-tembezi havikuwa kazi yake peke yake, lakini alikuwamo tangu mwanzo. Kila kigingi kilikuwa na sindano ya kuonja unyevu wa udongo, bamba dogo la kunasa jua, na akili unde iliyozungumza na vigingi vingine vyote vya mto ule. Mto ulipotaka kuhama, kama mito ifanyavyo, vigingi vilijua mapema na kuusogezea mpaka wake. Zamani wataalamu walipima mita sitini kutoka ukingoni, wakasimika nguzo za zege, wakaenda zao kula chakula cha mchana. Masika yakija, mto ulizipita zile nguzo bila hata kusalimia.

Si kwamba jiji halikuwa na mipango. Lilikuwa nayo tele, yote mizuri, imechorwa kwa rangi za kupendeza, na yote ililala kabatini huku mto ukila watu. Baada ya kila mafuriko ofisi ilikurupuka: vijana wakapita na makopo ya rangi wakichora X nyekundu kwenye kuta, tingatinga likafuata nyuma. Ukiuliza, unaambiwa ulishaelimishwa. Aliyezaliwa pale na aliyejenga juzi kwa ujanja walibomolewa pamoja, na maneno ya wote wawili yaliandikwa na afisa kwa namna aliyoipenda afisa. Nakijwa na wenzake walikua wakiyaona hayo. Waliapa kwamba siku wakipata nafasi, watapanga jiji kwa namna nyingine.

Nafasi waliipata. Mpango wao wa matumizi ya ardhi uliugawa ushoroba wa mto sehemu mbili. Karibu na maji lilikuwa eneo la mto wenyewe, la matete, mikuyu na ndege; hapo haishi mtu, na hakuna mjadala. Juu yake kulikuwa na ukanda wa pumzi, yaani ardhi ambayo mto huifikia mara moja moja unapotaka kupumua. Katika ukanda huo kaya chache ziliruhusiwa kubaki, kwa sharti moja lenye akili: ziwe za majirani wanaoaminiana. Maji yakija ghafla, roboti za uokoaji hazifiki kwa wakati. Anayekuvuta mkono ni mtu wa nyumba ya pili.

Kwa hiyo kila mpango ulipofanyiwa mapitio, jiji lilitaka kujua nani ni jirani wa kweli wa nani. Kazi hiyo ilifanywa na Msikizi. Alikuwa chombo cheupe chenye umbo la kibuyu, chenye magurudumu madogo, kilichokwenda nyumba kwa nyumba, kikabisha hodi, kikasubiri kukaribishwa, kisha kikauliza na kusikiliza. Nakijwa ndiye aliyeongoza jopo lililomfundisha, na ndiye aliyeng'ang'ania kanuni zake mbili. Msikizi humwamini kila mtu. Na neno la shahidi haligeuzwi na afisa yeyote, hata mkaguzi mkuu. Atakayeligeuza ni shahidi mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe. Mzaha pia Msikizi aliujua. Ukicheka, au sauti yako ikichezacheza, aliyaweka maneno yako kando.

Mapitio ya mwaka ule yalikuwa ya kwanza ambayo Nakijwa aliyasimamia akiwa mkaguzi mkuu. Yalikwenda vizuri mno, hadi alipoifikia, kwenye ramani, kona ya mto iitwayo Mikuyuni.

"Hapa pana kaya mbili zenye ujirani mbaya kuliko zote mjini," Msikizi alisema kutoka juu ya meza, kwa ile sauti yake isiyo na haraka. "Kaya ya Kondo Mwinyimvua na kaya ya Mhoja Kasubi. Napendekeza wazee wote wawili wahamishwe. Mmoja apelekwe mitaa ya kaskazini, mwingine kusini, ili wasionane."

"Kisa nini?"

"Jaribio la kuua."

Nakijwa aliweka kikombe chini. Aliomba kusikia.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya Mzee Mhoja. "Kondo? Huyo mwaka ule wa mafuriko nilimbeba nikamtupe mtoni. Maji yakamkataa. Ningefanyaje, nikamrudisha." Ya pili ilikuwa ya Mzee Kondo. "Mguu wangu umevunjika, Mhoja akanishika, akaninywesha maji mpaka tumbo likajaa. Wenzake walikuja pwani kwa miguu wamebeba mizigo ya watu, wakaitua, wakarudi kwao. Yeye akasahau njia. Mkileta gari la kuhamisha watu, anzeni na huyo. Mlango nitaushika mimi."

Sauti zote mbili zilikuwa tulivu na kavu. Hakukuwa na kicheko hata cha puani. Baraza la Jiji lilikuwa likutane Ijumaa kuupitisha mpango, na ukishapitishwa, vigingi vingepita nyuma ya nyumba zile mbili na kuziacha upande wa mto. Sheria ilimtaka mkaguzi awaone kwa macho yake watu wanaohamishwa. Nakijwa alimpakia Msikizi garini, akaenda Mikuyuni na moyo mzito, akijiandaa kukaa katikati ya maadui wawili.

Aliwakuta kwenye baraza ya Mzee Kondo, wameketi mkekani, ungo mmoja katikati yao, wanapukuchua kunde.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba, mama, karibu," alisema Mzee Kondo, mtu mwembamba mwenye mguu mmoja uliopinda kidogo. "Kaa upande huu. Huyo mwenzangu haoshwi mpaka ndugu zake watoke Tabora."

"Mzaramo akikukaribisha kiti, mama, kwanza angalia kama kina miguu," alisema Mzee Mhoja bila kuinua macho. Alikuwa mpana wa mabega, na vidole vyake vilikuwa vinene kwa kazi ile ndogo. "Mimi hapa nangoja afe tu, niurithi huu ungo."

"Utangoja sana. Kaburi lako nimeshalipima. Nimelifanya fupi, usije ukanyoosha miguu ukaona raha."

Nakijwa alitafuta chuki kwenye nyuso zile asiione. Mwashi, binti yake Mzee Mhoja, aliyekuwa akileta maji ya kunywa, aliuona uso wa mgeni, akatabasamu. "Usiogope, dada. Hao ni watani."

Neno lile Nakijwa alilijua. Alilisoma shuleni, akalijibu kwenye mtihani, akapata alama zote: Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, mtani hukutukana usikasirike, huchukua chako usimdai, na ukifa huja kuvuruga mazishi yako ili waliofiwa wapate kucheka. Lakini kuuona utani wenyewe, ukiwa hai, umekaa mkekani, hakuwahi. Alikulia ghorofani, ambako majirani walipungiana mikono kwenye lifti. Na alipokuwa akimfundisha Msikizi kutambua mzaha kwa kicheko, haikumpitia akilini kwamba mtani hodari hacheki. Alijisikia aibu, ile aibu ya kutamani ardhi ipasuke imfiche.

Akawaeleza yote.

"Kwa hiyo ile mashine iliamini?" aliuliza Mzee Kondo.

"Iliamini, mzee."

"Kwamba alikwenda kunitupa?"

"Ndiyo."

Hapo ndipo walipocheka. Walicheka mpaka ungo ukapinduka na kunde zikatapakaa mkekani. Mzee Mhoja alijifuta machozi kwa kiganja, akasema mashine ile ina akili kuliko Wazaramo wote, maana imemjua kwa siku moja. Nakijwa aliwaacha wamalize, kisha akawaambia mahali ambapo kila mmoja angepelekwa. Kicheko kikakatika.

"Kaskazini na kusini," Mzee Kondo alirudia.

"Ndiyo, mzee."

"Kwa nini lakini, mama? Kwa kusema alikwenda kunitupa?"

"Ndiyo maana nimekuja na Msikizi," alisema Nakijwa, naye akaharakisha maneno, maana alitaka sana jambo lile liishe. "Mimi siruhusiwi kugusa mlichosema. Ninyi mnaruhusiwa. Ni sentensi moja tu. Mmoja wenu aseme wazi, bila utani, kwamba mwenzake ni jirani anayemwamini. Aeleze ile siku ya mafuriko ilivyokuwa kweli. Msikizi atafuta pendekezo lake papo hapo, na mtabaki hapa hapa."

Likaonekana jambo dogo. Msikizi akawekwa kwenye kigoda, na Mzee Kondo akakohoa, akakaa sawa kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

"Mimi Kondo Mwinyimvua nasema, huyu Mhoja ni jirani mwema." Ilionekana kabisa kwamba anapigana na ulimi wake, na ulimi ukashinda. "Akiwa amelala."

"Nimepokea," alisema Msikizi. "Shahidi anasema jirani yake ni mwema akiwa hana fahamu."

Mzee Mhoja akajaribu naye. Alisema Kondo ni mtu mzuri sana, ila huo uzuri ameuficha mahali na amesahau wapi. Wakarudia. Kila sentensi ilianza vizuri na kuharibikia mwishoni. Jua likapanda, Mwashi akaleta uji, uji ukapoa. "Baba, si useme tu," Mwashi alimsihi baba yake. "Maneno matatu tu." Baba yake akatikisa kichwa, naye hakuwa akicheza.

"Mama," Mzee Kondo alimwambia Nakijwa mwishowe, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na ukali, "unajua unachotuomba? Alipofiwa na mkewe, huyu, alikaa hajala. Watu wazima walikuja wakampa pole, wakalia naye, hakula. Mimi nikaja nikamtukana. Nikamwambia marehemu amekimbia kupika kwake. Akanirushia sahani, halafu akaokota wali wake akala. Ningempa pole na mimi, tungemzika wiki ileile. Mtani haulizwi kama anamaanisha. Ukishamuuliza umeua kitu."

Nakijwa alimwelewa. Hilo ndilo lililomsumbua baadaye, kwamba alimwelewa vizuri kabisa. Lakini aliwaza pia nyumba mbili, na lori la kuhama, na wazee wawili kila mmoja kwenye chumba chake upande wake wa jiji, akimtazama jirani kupitia kioo cha lifti. Akajiambia kwamba maneno hayaui mtu.

"Basi Ijumaa vigingi vitapita hapa, mzee," alisema kwa upole. "Sina namna nyingine."

Mzee Mhoja alivua kofia yake, akaiweka gotini. Hakumtazama Msikizi wala Nakijwa. Alimtazama Kondo.

"Maji yalikuwa kifuani," alisema. "Wewe mguu umevunjika, umeng'ang'ania dirisha. Ukaniambia nikuache niende, nina mtoto. Nikakubeba. Ukanipiga kichwani nikutupe, nikakataa. Niliogopa siku ile, Kondo. Si maji niliyoyaogopa. Niliogopa kubaki hapa bila wewe. Sina ndugu niliyempenda kama wewe. Basi. Nimesema."

Macho ya Mzee Kondo yalijaa maji, na mdomo wake ukafunguka na kufungika kama anayetafuta kitu cha kutupa na asikione. Kisha akainuka, akachechemea akaingia ndani, na mlango ukafungwa taratibu.

"Ushahidi umepokelewa," alisema Msikizi. "Sauti ni ya kweli. Pendekezo la kuhamisha limefutwa."

Ijumaa Baraza liliupitisha mpango bila kupingwa, na madiwani wakamshangilia mkaguzi mkuu. Nakijwa alitumia nafasi hiyo kuomba Msikizi afundishwe utani. Wakamjibu kwamba ni wazo zuri, litaangaliwa katika mapitio yajayo. Jumamosi vigingi vilifika Mikuyuni, vikasita, vikaonja udongo, kisha vikashuka kuelekea majini na kuziacha nyumba mbili upande wa watu. Mwashi alimpigia simu kumweleza, akamshukuru sana. Nakijwa alilala usingizi mzuri siku hiyo.

Alirudi Mikuyuni baada ya masika. Hakuwa na kazi huko. Alitaka tu kuwaona. Mto ulikuwa umepumua kidogo mwaka ule, ukafika kwenye migomba, ukarudi. Matete yalikuwa yamesimama mabichi, na ndege weupe walikuwa wengi. Wazee wake aliwakuta barazani palepale. Safari hii walikuwa kwenye viti viwili.

"Karibu sana, mama," alisema Mzee Kondo. "Habari za kazi?"

"Njema, mzee. Nimepita kuwasalimu."

"Ahsante kwa kutukumbuka," alisema Mzee Mhoja.

Nakijwa aliketi, akangoja. Aliwangoja waanze. Mzee Mhoja akasema mvua za mwaka huu zimekuwa nzuri. Mzee Kondo akakubali, akasema ni kweli, ndugu yangu, zimekuwa nzuri. Mzee Mhoja akasema kunde zitakuwa nyingi. Mzee Kondo akasema Mungu akipenda. Kuku alipita katikati yao, na hakuna aliyesema anafanana na nani.

Mwanzoni alidhani wamegombana. Lakini hawakuwa wamegombana. Kila mmoja alimsikiliza mwenzake mpaka mwisho, kila mmoja alimpisha mwenzake aseme. Wageni wangewaona, wangewasifu kwa adabu.

Mzee Mhoja alipoingia ndani kumfuata Mwashi, Nakijwa aliinama akauliza kwa sauti ya chini, "Mzee, kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama. Tunaishi vizuri." Mzee Kondo alipapasa goti la mguu wake uliopinda. "Najaribu, usidhani sijaribu. Asubuhi namwona anatoka, neno linanijia, zuri kabisa. Nikilifikisha mdomoni namkumbuka alivyovua kofia. Alinitoa majini, na miaka yote ile tukayamaliza kwa matusi, ikawa si kitu. Sasa amesema. Nina la kumshukuru. Na mtu ambaye una la kumshukuru, utamtaniaje?"

Nakijwa alitazama mtoni, kule vigingi vilikosimama kwa mstari wao mzuri, kila kimoja mahali pake, na kwa mara ya kwanza hakufurahi kuviona.

Mzee Mhoja alirudi na birika la kahawa. Mzee Kondo akainuka upesi, pamoja na mguu wake, akampokea ili asichoke. Mzee Mhoja akaketi. Alimtazama Nakijwa kwa muda.

"Mama, ile mashine yako," alisema. "Inaweza kusahau?"

"Ukiomba mwenyewe, mzee, inafuta maneno yako. Sheria inaruhusu." Alisita, maana ilimbidi aseme na lililobaki. "Lakini ikifuta, pendekezo la kwanza linarudi. Vigingi vitakuja."

Mzee Mhoja akageuka kumtazama Kondo. Kondo alikuwa anamimina kahawa, kwa mikono miwili, taratibu, asimwage hata tone, kama anayemhudumia mkwe.

"Basi iache ikumbuke," akasema.

Mzee Kondo akamsogezea kikombe. Mzee Mhoja akakipokea kwa mikono yote miwili, akasema ahsante.